Kabla ya kuhamia shamba lisilo na stima, hesabu wati kwanza

WENGI wanaonunua mashamba katika maeneo kame ya Makueni na Kitui huanza na swali la bei ya ekari. Swali la pili huwa ni maji. La stima huja mwisho, mara nyingi nyumba ikiwa tayari imeezekwa. La intaneti huja baada ya hapo, siku mwenye shamba anapogundua kwamba ni lazima apande kilimani ndipo ujumbe wa M-Pesa uingie.

Mpangilio huo ndio unaowatia hasara. Umeme, maji, moto wa kupikia na mawasiliano si bidhaa nne zinazoweza kununuliwa mbalimbali. Kila moja huamua ukubwa wa nyingine, na anayenunua moja bila kuzitazama zile tatu hujikuta akinunua mara mbili.

Wanaoumia zaidi ni wastaafu. Mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akiwa na umri wa miaka 60, tangu umri huo ulipoongezwa kutoka miaka 55 mnamo 2009. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu. Kikiishia kwenye paneli na betri zisizolingana na mahitaji ya boma, hakuna kitakachobaki cha kununulia mbuzi, waya wa ua au mbegu za ndengu, na shamba lililokusudiwa kumlisha mwenyewe huanza kulishwa na yeye.

Jambo la kwanza halihitaji pesa. Ni kutembea kutoka shambani hadi kwenye transfoma iliyo karibu na kupima umbali. Mradi wa serikali wa Last Mile, ulioanza mwaka 2015, ulilenga wateja walio ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, na ada ya kuunganishiwa ilishushwa mwaka huo kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Aliye ndani ya umbali huo anapaswa kuulizia stima ya gridi kabla ya kuulizia sola. Tangu Aprili 2023, nyumba inayotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hutozwa kiwango cha chini kabisa, na kama itakavyoonekana hapa chini, boma la kawaida la shambani halifiki hata uniti 25. Hata hivyo, giza lililotanda nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023 liliwakumbusha wengi kwamba hata mwenye mita anahitaji taa mbili tatu za akiba.

Aliye mbali na transfoma hana budi kujizalishia. Hapo ndipo hesabu ya wati inapoanza, na hufanywa kwa kalamu na karatasi, si dukani mbele ya muuzaji.

Chukua boma la watu watano. Taa tano za LED za wati 7, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia wati-saa 175. Simu nne zinahitaji kama wati-saa 40 kwa siku. Redio ndogo ya wati 5 inayolia saa nane ni 40 nyingine. Runinga ya inchi 24 isiyozidi wati 30, ikitazamwa saa nne, ni 120. Kompyuta ya kupakata ya wati 45 kwa saa nne ni 180. Ruta ya intaneti ya wati 10 kwa saa 12 ni 120. Jumla ni wati-saa 675, tuseme 700. Kwa mwezi mzima hiyo ni uniti 21.

Friji ndogo iliyotengenezewa sola huongeza kama wati-saa 500 kwa siku. Inafaa kwa mwenye duka anayeuza soda na maziwa, au mfugaji anayehifadhi chanjo za kuku. Kwa nyumba isiyouza kitu, friji ni anasa inayokaribia kuongeza gharama ya mtambo mara mbili, na mwenye boma aitazame kwa jicho hilo.

Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikitumika nusu saa hula wati-saa 500, yaani zaidi ya taa, simu, redio na runinga vikiwekwa pamoja. Birika la wati 2,000 halili nyingi kwa sababu huwaka dakika chache, lakini humlazimu mwenye nyumba kununua inveta kubwa na nyaya nene kwa ajili ya chai tu. Chochote kinachotoa joto kisiingizwe katika hesabu ya sola ndogo. Pasi ya makaa bado inauzwa.

Intaneti hula stima

Intaneti ndilo eneo ambalo hesabu za watu wengi huharibika siku hizi. Tangu huduma ya setilaiti ya Starlink ianze nchini Kenya Julai 2023, imewezekana kupata mtandao wa kasi mahali ambapo hakuna mlingoti wowote wa simu. Vifaa vyake viliuzwa kwa karibu Sh90,000 mwanzoni, bei ikashuka hadi chini ya Sh50,000 mwaka 2024, na mwaka huohuo ukaja mpango wa kukodi. Wengi hutazama bei ya dishi na malipo ya mwezi, wakasahau kwamba dishi lenyewe linataka umeme.

Dishi la kawaida la Starlink hutumia kati ya wati 75 na 100. Likiwashwa saa 12 kwa siku, hula takriban wati-saa 1,000. Yaani dishi pekee linalishinda boma zima lililotajwa hapo juu, pamoja na runinga yake. Dishi dogo zaidi hutumia kati ya wati 25 na 40, hivyo kwa saa hizohizo 12 litakula kati ya 300 na 480. Ruta ya laini ya simu hula 120. Tofauti hiyo haionekani kwenye risiti ya dishi. Huonekana kwenye betri, mwezi wa Julai.

Kwa hiyo dishi liwe la mwisho kufikiriwa. Kwanza mnunuzi aende shambani na laini za kampuni zote za simu zilizo na wateja eneo hilo. Asijaribu saa sita mchana pekee. Arudie saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Asimame hasa pale nyumba itakapojengwa, kisha apande ngazi au mti na kujaribu tena, kwa sababu mita tano za kwenda juu huweza kubadili kila kitu katika nchi ya vilima kama Mbooni na Kilungu. Antena ya nje iliyofungwa kwenye mlingoti na kuelekezwa kwenye mnara, ikaunganishwa na ruta ya 4G, huokoa mashamba mengi yanayodhaniwa kuwa hayana mtandao.

Vilevile mwenye shamba ajiulize intaneti ni ya kazi gani. Kupokea na kutuma pesa kwa M-Pesa kunawezekana kwenye mtandao hafifu wa 2G, na kwa simu ya kubofya. Kuulizia bei ya maembe Wote au Nairobi ni suala la simu moja au ujumbe mfupi. Anayehitaji kasi kubwa ni yule ambaye kipato chake kinatoka mtandaoni: mwalimu anayefunza kwa video, mhasibu anayefanyia kazi kampuni ya mjini, au kijana anayeendesha saiba sokoni. Huyo dishi litamlipa. Kwa mkulima wa ndengu na mbaazi, mapato ya msimu yatahesabika kwa shida kulipia burudani.

Betri ndiyo bei yenyewe

Paneli imeshuka bei sana na hudumu zaidi ya miaka 20. Betri ndiyo inayokufa, na ndiyo inayopaswa kupimwa kwa makini.

Betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya chaji yake. Ile ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini zinazotumika ni 600. Ikitunzwa vizuri, tukadirie itatoa hizo 600 mara 800 kabla haijachoka. Hiyo ni uniti 480 katika maisha yake yote. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti, yenye Ah hizohizo 100, hutoa wati-saa kama 1,000 bila kuumia, na iliyo halisi huzitoa mara 3,000 au zaidi. Hizo ni uniti 3,000. Hata ikiuzwa mara tatu ya bei ya asidi, kila uniti inayopita ndani yake hugharimu chini ya nusu. Mnunuzi maskini ndiye hulazimika kuchukua ile ya bei ya chini leo, kisha akarudi dukani baada ya miaka miwili au mitatu.

Mtambo upimwe kwa mwezi mbaya, si mwezi mzuri. Ukambani jua la Januari na Februari ni kali, lakini kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda asubuhi hadi mchana, hasa vilimani. Tukichukua saa nne za jua kamili na kuondoa asilimia 30 ya kile kinachopotea njiani, boma la wati-saa 700 linahitaji paneli za wati 250. Ili lipite usiku mmoja na siku moja ya mawingu, linahitaji betri ya lithiamu ya Ah 150 hivi, au za asidi zinazofikia Ah 230. Kwa kulilinganisha, likiongezwa dishi la kawaida, paneli zinapanda hadi wati 600 na betri nazo vivyo hivyo.

Fundi atakayeunga mtambo awe na leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Kanuni za mwaka 2012 zinadai hivyo. Paneli zenye kibandiko cha wati 200 na nguvu ya 100 ziko sokoni, na njia rahisi ya kuzinasa ni kumwambia muuzaji aitoe juani saa sita na kuipima kwa mita. Muuzaji akikataa, jibu limeshapatikana. Dhamana iandikwe kwenye risiti. Paneli zifungwe kwa boliti zisizofunguka kwa spana ya kawaida, kwani wezi nao wanajua bei.

Jiko na tangi

Gesi ya samadi husifiwa kila mahali, lakini katika maeneo makavu iangaliwe upya. Kupata gesi ya kupikia ya boma la watu watano kunahitaji kama kilo 40 hadi 50 za samadi mbichi kila siku, na maji ya kiasi hichohicho. Ng'ombe wawili wa maziwa wanaofugiwa zizini wanaitoa. Ng'ombe wa kienyeji wanaoshinda malishoni huiacha samadi yao porini, na mwenye boma hupata ya usiku tu. Isitoshe, lita 50 za maji kwa siku mwezi wa Septemba, pale mtungi unapobebwa na punda kutoka mbali, ni gharama kubwa kuliko kuni. Hapo jiko la kuni lililoboreshwa pamoja na mtungi mdogo wa gesi ya dukani kwa siku za haraka yanatosha.

Maji ya paa, kwa upande mwingine, hayatumiki inavyostahili. Paa la mita mraba 100, mahali panapopata milimita 500 za mvua kwa mwaka, huvuna karibu lita 40,000 baada ya kuondoa kinachomwagika. Watu watano wakitumia lita 100 kwa siku, watahitaji lita 15,000 kuvuka kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba. Kwa hivyo tangi la lita 5,000, ambalo ndilo wengi hununua, hukauka kabla ya mwisho wa Julai, na maji ya Novemba yaliyobaki juu ya paa humwagika.

Kisima cha mashine kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na uchunguzi wa ardhini kabla ya kuchimba. Sehemu nyingi za Ukambani maji ya chini ni ya chumvi, na sola haiondoi chumvi. Walio karibu na mabwawa ya mchanga, ambayo ni mengi Kitui na Makueni, wana bahati. Pampu ya sola iunganishwe moja kwa moja na paneli bila betri, ijaze tangi lililo juu mchana, na maji yateremke yenyewe usiku. Kupandisha lita 5,000 hadi mita 30 huhitaji kama wati-saa 1,000 kwa pampu ya kawaida, kazi ambayo paneli za wati 300 hadi 400 huimaliza kwa siku moja.

Kuhusu malipo, mipango ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, iliyoenea Kenya tangu M-KOPA ilipoanza kuuza mwaka 2012, imewafikishia taa watu ambao benki hazikuwajali. Mkulima hata hivyo azidishe. Sh50 kwa siku kwa siku 400 ni Sh20,000, juu ya amana, na alinganishe jumla hiyo na bei ya pesa taslimu ya mtambo wa ukubwa uleule. Kisha atazame kalenda. Mshahara huja kila mwezi, lakini ndengu zilizopandwa na mvua za Oktoba huvunwa Januari na Februari, na mtambo wa kulipia kila siku huzimwa mwenyewe asipolipa, iwe ghala lina magunia au halina. Anayetegemea mavuno aulize chama chake cha akiba na mikopo kama kitamkopesha fedha za mtambo na kupokea malipo mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, baada ya kuuza.