Mutondo ukiisha, vinkubala vitatoka wapi?

Mwezi wa 11, mvua ikishaanza, tunangojea vinkubala kwenye soko za Lubumbashi. Vingi vinakula majani ya mutondo, na mutondo uleule ndio unatoa makala. Sisi wa migodi hatushiki shoka, lakini gunia linaingia kwetu. Umeme ukikatika, mbabula inawaka. Hatuwezi kumwambia mama aache kupika. Wakataji tunawaomba hivi: kisiki kising'olewe, maana mutondo unachipuka tena palepale. Moto wa pori usiwashwe mwezi wa 9 ao wa 10, majani yakiwa makavu kabisa, unaua machipukizi. Na vinkubala vichumwe kwa mkono. Kuna watu banaangusha mti muzima juu ya kikapo kimoja!