Honi ya Treni Haihitaji DJ

Kila ninapopendekeza The 39 Steps, filamu ya kijasusi ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1935, wenye vibanda vya video wa Kasulu na Kibondo wananiuliza lile lile: “Mwalimu, iliyotafsiriwa ipo?” Nimechoka nalo. Nyuma yake kuna imani kwamba picha ya zamani imepooza, na dawa yake ni DJ, yule mtafsiri anayesimulia juu ya picha, aijaze maneno mwanzo hadi mwisho.

Dawa hiyo ni sumu. Kazi ya DJ Lufufu, mtafsiri wa filamu, naiheshimu. Kwenye filamu za ngumi na risasi imetupa raha kubwa. Hitchcock ni habari nyingine. Tangu filamu yake Blackmail ya 1929 alikuwa akiifanya sauti yenyewe isimulie.

Tazama hapa. Jasusi Annabella kachomwa kisu nyumbani kwa mhusika mkuu, Richard Hannay. Mhudumu anaingia, anakuta maiti, anageuka, anaachama apige yowe. Kinachosikika ni honi ya treni, na papo hapo treni inachomoka handakini, ikimkimbiza Hannay Uskoti. Mlio mmoja umetangaza kifo na kufungua msako wa Hannay, anayeshukiwa kuua. DJ akidakia “mama analia huyo!”, kakuibia filamu.

Kisha nyumbani kwa mkulima anakojificha Hannay. Mume anatoka nje na kuwachungulia mkewe na Hannay dirishani. Midomo inacheza, neno halisikiki. Anadhani wanatongozana, kumbe mgeni anajieleza kwamba hakuua. Nasi tumezibwa masikio pamoja na mume, ndiyo maana wivu wake tunauelewa. Ukitia maneno pale, umeua kila kitu.

Wala msiniambie watu wa huku hawataelewa. Hiyo ni dhana ya Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939: Mwafrika aonyeshwe picha za polepole, na msimulizi amfafanulie. Wakoloni wameondoka, dhana tumebaki nayo wenyewe?

Basi, la kufanya. Kisa kielezwe kwa Kiswahili kabla ya picha kuanza. Mtafsiri akiwepo, afasiri mazungumzo tu na anyamaze wahusika wakinyamaza. Zimeni muziki wa kibanda cha jirani, au subirini usiku. Filamu ni dakika 86. Ikiisha, rudieni treni na dirisha. Wakiipenda, waonyesheni The Lady Vanishes ya 1938, nayo bila DJ.