Askari Wastaafu na Sauti za Chini ya Ardhi

Ngano ikishavunwa, kati ya Agosti na Septemba, mashamba ya Uingereza hupata wageni wa Jumapili. Hushuka kwenye magari na chupa za chai, makoleo mafupi na fimbo ndefu ambazo mwishoni zina sahani ya duara. Huvaa visikilizio masikioni, hutawanyika shambani na kuanza kutembea polepole, sahani ikienda kushoto na kulia juu kidogo tu ya mabua. Wanatafuta chochote cha metali kilichofukiwa na karne: sarafu, vifungo, pete, bizimu za mikanda. Wengi ni watu wa makamo na wazee waliostaafu kazi za kawaida, ila miongoni mwao wamo waliowahi kula kiapo cha jeshi, na hao ndio ninaotaka kuwazungumzia. Suruali za mabaka zisikudanganye, maana huvaliwa hata na karani ambaye hajawahi kushika bunduki. Askari wa kweli utamjua kwa namna anavyolisoma shamba. Huanzia pembeni, hushika mstari, na akifika mwisho hugeuka na kurudi akihakikisha njia ya pili imegusana na ya kwanza. Raia huzurura.

Ujuzi huo ulianzia jeshini, na mashine yenyewe pia ni mtoto wa vita. Detekta, yaani hizo fimbo za kutambua metali, zilikuwepo kabla ya Vita Kuu ya Pili, lakini aliyezifanya ziwe chombo cha kutegemewa mkononi mwa mtu mmoja ni Luteni Józef Kosacki wa jeshi la Poland. Akiwa uhamishoni Scotland, mwaka 1941, alibuni chombo cha kutambua mabomu ya kutegwa ardhini, kisha akalipa jeshi la Uingereza bure bila kudai haki ya uvumbuzi. Mwaka uliofuata mashine zipatazo 500 za aina hiyo zilipelekwa El Alamein, Misri, kufungua njia katikati ya mabomu ya Wajerumani. Moja ilikuwa na uzito wa karibu kilo 14. Vita vilipokwisha, vifaa vilivyozidi jeshini viliuzwa kwa bei ya chee, na raia wakaanza kuvitumia kutafuta sarafu. Hivyo mchezo huu ulitoka kambini kabla haujafika mashambani.

Kizazi cha karibuni kimeijua detekta kwa njia iliyo chungu zaidi. Mkoani Helmand, Afghanistan, ambako Waingereza walipigana kwa wingi kuanzia 2006 hadi 2014, doria ilitangulizwa na mtu mwenye detekta ya Vallon, kwa utaratibu ambao askari waliuita Barma. Mabomu ya kienyeji yalitegwa njiani, milangoni, kwenye vivuko vya mifereji. Mengine yalitengenezwa kwa metali kidogo mno, kwa hiyo hata mashine iliponyamaza hapakuwa na uhakika. Na ilipolia, huenda ilikuwa ni msumari tu. (Ndiyo maana panya wanaofunzwa na shirika la APOPO kule Morogoro wana thamani: wao hunusa baruti, na msumari hawana habari nao.) Nyuma ya mtu huyo wa mbele walifuata wenzake, wakikanyaga pale tu alipokanyaga yeye.

Sasa mfikirie mtu wa aina hiyo akiwa kwenye shamba la Norfolk, miaka kadhaa baadaye. Mashine inalia. Anapiga magoti, anakata bonge la udongo, analipekua kwa vidole, anatoa kishikizo cha kopo la bia. Wenzake wanacheka, naye anacheka. Kwa maoni yangu, utamu wote wa mchezo huu kwa askari uko hapo. Kazi ya masikio, macho na magoti ni ileile, utulivu unaotakiwa ni uleule, ila kifo kimeondolewa. Walio nje hudhani anafuata dhahabu. Angekuwa anafuata dhahabu angekwishaacha zamani, kwa kuwa mavuno ya kawaida ya siku nzima ni misumari, vitako vya risasi za marisau, vifungo vya shati na vipande vya bati.

Mila za watu hawa si nyingi, lakini ni kali. Ya kwanza ni kupiga hodi. Hakuna kukanyaga shamba bila ruhusa ya mwenyewe, na mapatano ya kawaida ni nusu kwa nusu ikiwa kitapatikana cha thamani. Mkulima mmoja akikataa, unashukuru na kwenda kwa jirani yake. Ya pili ni shimo. Ukichimba, unafukia, unakanyagia, unarudisha jani lilipokuwa, mtu akipita asijue ulikuwepo. Katika hili askari wastaafu hawana masihara. Mtu aliyewahi kufunzwa kuondoka mahali bila kuacha alama hawezi kumvumilia kijana anayeacha vishimo ambavyo kesho ng'ombe atavunjikia mguu.

Ya tatu imo katika sheria. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayotumika England, Wales na Ireland Kaskazini, inamtaka aliyeokota hazina aitolee taarifa ndani ya siku 14. Kwa ufupi, kitu cha dhahabu au fedha chenye umri wa zaidi ya miaka 300 kimo, na tangu 2023 vimeongezwa vitu vya metali nyingine vyenye umri wa zaidi ya miaka 200 endapo vina uzito wa kihistoria. Taarifa hupelekwa kwa ofisa yuleyule anayechunguza vifo vya ghafla. Ni urithi wa Zama za Kati ambao Waingereza hawajaona sababu ya kuuacha. Makumbusho ikikitaka kitu hicho, hulipa, na malipo hugawanywa baina ya mwokotaji na mwenye shamba. Hazina ya Staffordshire, iliyookotwa 2009 ikiwa na zaidi ya kilo tano za dhahabu ya Waanglo-Saksoni, ilithaminiwa pauni milioni 3.285 na ikagawanywa hivyo. Kwa vitu vidogo kuna mpango wa taifa ulioanza 1997, wenye maofisa mikoani wanaopokea, kupima, kupiga picha na kurudisha. Kumbukumbu zake sasa zimepita vitu milioni moja na nusu.

Kuna pia desturi zisizoandikwa. Wakikutana katikati ya shamba wanaulizana, "Umepata kitu?" na jibu la adabu ni "Takataka tu," hata kama mfukoni kuna sarafu ya Kirumi. Mambo hufunuliwa mchana, vitu vikitandazwa nyuma ya gari na kila mtu akisogea kuangalia. Hapo ndipo utani wa vikosi hushika moto. Aliyetumikia jeshi la nchi kavu humkejeli wa jeshi la anga kwamba alilala hotelini vita vyote, naye hujibiwa kwamba kutambaa kwenye tope si sifa. Matusi ya hapo hayana kinyongo, kama ya Mzaramo na Mnyamwezi msibani. Vyeo huachwa getini. Meja na kuruta wa zamani hupokezana kikombe. Cheo hurudi kwa sababu moja tu, kombora la zamani likijitokeza. Hapo aliyekuwa mhandisi wa jeshi huwa amiri bila kupigiwa kura. Watu husogea mbali, mahali huwekwa alama, polisi huitwa, na wao huwaita wataalamu wa mabomu.

Kitu kinachowagusa kuliko dhahabu ni kifungo cha sare. Kifungo cha shaba kikiwa na nembo ya kikosi humwambia aliyekivua kwenye tope kwamba hapa alipita mtu kama yeye, akipiga kwata au akirudi likizo. Kibati cha utambulisho chenye jina huanzisha kazi nyingine kabisa, ya kuitafuta familia. Na mfupa wa mtu ukionekana, mashine huzimwa.

Kielelezo bora cha kundi hili, kama ningeombwa kumtaja mmoja, ni Tony Clunn. Alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza aliyepangiwa Osnabrück, Ujerumani, mwaka 1987, na muda wake wa mapumziko aliutumia kwa detekta. Hakukurupuka. Alikwenda kwanza kwa Wolfgang Schlüter, mwanaakiolojia wa eneo hilo, akaomba ruhusa na ushauri. Alielekezwa Kalkriese, ambako sarafu za Kirumi ziliwahi kuokotwa zamani na ambako mwanahistoria Theodor Mommsen, mwaka 1885, alikuwa amependekeza kwamba ndiko Warumi walikoangamia. Waliangamia vipi? Mwaka wa 9 baada ya Kristo, jemadari Varus aliingizwa mtegoni na makabila ya Kijerumani yaliyoongozwa na Arminius, na vikosi vitatu kamili, cha 17, cha 18 na cha 19, vikafutika. Roma haikuzitumia tena namba hizo. Mahali penyewe palipotea, na wasomi wakabishana kwa karne nyingi.

Clunn alisoma ramani kama askari anavyosoma njia ya msafara: hapa kilima, kule kinamasi, katikati upenyo mwembamba wa kupitishia watu maelfu. Alipata dinari za fedha za enzi ya Augusto. Sarafu peke yake zingeweza kuwa za mfanyabiashara. Mwaka uliofuata alipata vitu vitatu vidogo vya risasi vyenye umbo la yai, navyo vilikuwa mawe ya teo ya kijeshi. Mfanyabiashara habebi mawe ya teo. Vyote alivipeleka kwa Schlüter pamoja na maelezo ya vilipotoka, na uchimbaji rasmi ulipoanza, ardhi ikatoa silaha, mifupa ya watu na ya nyumbu, na kinyago cha chuma cha askari wa farasi. Leo pana makumbusho, na ingawa wapo wasomi wanaobishia jina la vita, hakuna anayekana kwamba jeshi la Kirumi lilipigwa hapo. Clunn alistaafu akiwa meja, akatunukiwa nishani ya MBE, akafariki 2014. Angeziweka zile sarafu sandukuni na kukaa kimya, pengine tungekuwa bado tunabishana.

Baada ya ugunduzi wake mambo yamepata mpangilio. Mwaka 2011 wizara ya ulinzi ya Uingereza ilianzisha Operation Nightingale, ambayo iliwapeleka askari waliojeruhiwa kuchimbua mambo ya kale katika Salisbury Plain, uwanda wa mazoezi ya jeshi. Sehemu moja, Barrow Clump, ilikuwa na makaburi ya Waanglo-Saksoni yaliyokuwa yakifukuliwa na wanyama waitwao melesi. Askari wa leo wakawahi kuwaokoa wapiganaji wa karne ya sita, waliozikwa na mikuki na ngao zao. Mwaka 2015 Mark Evans na Charlie Foinette, wote wa kikosi cha Coldstream Guards na wote waliosomea akiolojia, walianzisha Waterloo Uncovered. Evans alirudi Afghanistan na kiwewe, na ndiye anayesema wazi kwamba uchimbaji ulimsaidia. Huko Waterloo, Ubelgiji, walianzia Hougoumont, boma ambalo Coldstream wenyewe walilitetea tarehe 18 Juni 1815. Detekta zilitambua risasi za magobole, moja baada ya nyingine. Ya Mfaransa ilikuwa nyepesi kuliko ya Mwingereza. Kwa hiyo ukiipima na kuandika ilipolala, unajua nani alisimama wapi na alimlenga nani.

Nisipambe kupita kiasi. Kutembea shambani hakutibu kiwewe cha vita. Anayehitaji daktari anahitaji daktari. Na uhusiano wa watu hawa na wanaakiolojia haujawa wa maziwa na asali, kwa sababu ya wezi. Wapo wanaoingia usiku kwenye maeneo yaliyohifadhiwa, Waingereza huwaita mwewe wa usiku, na wanachoiba kinaishia mnadani bila historia. Sheria ya 1979 inakataza kutumia detekta kwenye eneo la kale lililohifadhiwa bila kibali, na ile ya 1986 inalinda mabaki ya ndege za kijeshi zilizoanguka. Askari mstaafu hamchukii mtu kama anavyomchukia mwizi wa namna hiyo, hasa anayeuza vitu vya wafu wa vita.

Sisi huku Afrika Mashariki tuna viwanja vyetu vya vita. Kilima cha Salaita, karibu na Taveta, ndiko askari wa Afrika Kusini walikorudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916 na jeshi la Wajerumani ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Tanga ilipigwa Novemba 1914. Upande wa Tanzania detekta imeingia kwa njia mbili: wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao wana haki ya kutafuta riziki wakiwa na leseni, na watafutaji wa "mali ya Mjerumani", wanaochimba kando ya maboma ya zamani na hata makaburini. Ndoto hiyo ina mbegu ya kweli, kwani mwaka 1916 Wajerumani walipiga Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Lakini kufukua bila kibali ni kosa, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 na ile ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006. Tunao pia askari wastaafu wengi wenye nidhamu ya kushika mstari. Makumbusho zetu zingewaita, zikawapa vibali na msimamizi, kazi ingefanyika kabla wauza vyuma chakavu hawajamaliza kilichobaki.

Kwa sasa, msomaji, ukikuta ganda la risasi au kifungo cha sare ukiwa Salaita au Tanga, kiache kilipo, kipige picha, andika mahali kilipolala, utoe taarifa makumbusho. Kikiwa na umbo la kombora, usikiguse hata kwa fimbo. Waite polisi.