Usiwachome maji moto, ndio walinzi wa mnazi wako

Kuna swali linanijia kila mara: "Afisa, mnazi wangu unatoa karara vizuri, lakini vidaka vinapukutika. Nipige dawa gani?" Mimi nauliza kwanza: maji moto umewafanya nini?

Mara nyingi jawabu ni kwamba viota vimechomwa, maana mkwezi aligoma kupanda. Simlaumu, nishaumwa na mimi.

Anayekuharibia vidaka ni kunguni wa mnazi, mdudu mdogo mwembamba wa kahawia. Mdomo wake ni kama sindano. Anachoma kidaka ananyonya, na mate yake yana sumu inayoua tunda pale alipochoma. Vidaka vichanga huanguka. Vinavyoponea hutoa utomvu, vikabaki na makovu na kukua kombo, na nazi kama hizo ukizifikisha Darajani unalipwa unavyopangiwa. Kunguni wachache tu juu ya mnazi wanatosha kukutia hasara, ndio maana ukiangalia kutoka chini huoni kitu.

Maji moto ndio wanaomuwinda. Hapa hapa Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alionesha kwamba minazi yenye maji moto wengi inakingwa na kunguni huyu. Hata jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, limetokana na mtafiti huyo.

Tabu ni kwamba maji moto nao wana adui: sisimizi wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini, baadhi yao wana vichwa vikubwa. Wakipanda juu ya mti huwafukuza maji moto, na kunguni wenyewe hawawadhibiti. Na hapa ndipo wengi wetu tunakosea, tunaona shamba safi ni lile lililopaliliwa likawa jeupe. Majani yakiwepo chini, sisimizi hawa hubaki zaidi ardhini. Ukiyamaliza, wanahamia mitini. Kwa hiyo fyeka tu, usikwangue. Panda michungwa au miembe katikati ya minazi, maji moto hupenda kujenga humo. Funga na kamba kutoka mti hadi mti wapate njia bila kushuka chini.

Mkwezi ajipake jivu mikononi na miguuni, na umuongezee chochote.

Sumu ya kupuliza inaua maji moto pia, halafu kunguni anarudi mnazi hauna mlinzi. Kwenye mikarafuu ni habari nyengine kidogo, huko maji moto hufuga wadudu gamba kwa ajili ya utamu wao, nitaieleza siku yake.