Shimo Jeusi Haliishikilii Galaksi

Swali linaloulizwa Nyakalengija, Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, kila mazungumzo yanapofikia ule ukanda mweupe unaokatiza anga la usiku ni lile lile linaloulizwa Nairobi na Dar es Salaam: shimo jeusi lililo katikati ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, litaimeza Dunia lini, na ikiwa halitaimeza, je, si ndilo linaloishikilia galaksi nzima jinsi Jua linavyozishikilia sayari? Sehemu zote mbili za swali hilo ni makosa, na kudumu kwake kunachosha, kwa kuwa linafunika swali lililo bora zaidi, yaani namna kivimbe cha kati, ule mkusanyiko mnene wa nyota uliotuna katikati ya galaksi zenye umbo la sahani, kinavyopata nyota zake na kukua.

Hesabu ndogo inatosha kuumaliza uvumi huo. Shimo jeusi hilo, liitwalo Sagittarius A*, lina uzito wa majua milioni 4 na ushei, kipimo kilichopatikana kwa kufuatilia nyota zinazolizunguka kwa karibu, mojawapo ikiwa S2 inayokamilisha mzunguko wake kwa miaka 16 hivi. Kazi hiyo iliwapatia Reinhard Genzel na Andrea Ghez sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2020. Jua liko umbali wa takriban miaka ya nuru 26,000 kutoka hapo, mwaka wa nuru ukiwa ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, nalo huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 230 kwa sekunde. Lau lingekuwa limeshikwa na shimo hilo peke yake, kasi ya mzunguko kwa umbali huo ingekuwa kilomita 1.5 tu kwa sekunde, na kwa kasi liliyo nayo Jua lingekwisha kutoroka zamani. Kinacholishikilia ni maada yote iliyomo ndani ya njia yake, yenye uzito unaokaribia majua bilioni 100: nyota, gesi, vumbi, na maada ya giza, yaani ile isiyotoa mwanga na inayotambulika kwa mvuto wake tu. Anayetaka ushahidi zaidi aitazame galaksi M33, jirani wa Njia Nyeupe, ambayo haijaonekana kuwa na shimo jeusi kubwa hata kidogo na bado mikono yake inazunguka kwa utaratibu mzuri.

Kuhusu kumeza, ukingo wa Sagittarius A*, ule ambao ukishavukwa hata mwanga haurudi, uko kilomita milioni 13 hivi kutoka katikati yake, umbali usiofikia theluthi ya ule ambao Utaridi hulikaribia Jua. Nje ya ukingo huo shimo jeusi halina mvuto wa aina ya pekee. Huvuta kama kitu kingine chochote chenye uzito huo. Wanaohubiri mwisho wa dunia kwa kulitaja wanawauzia watu hofu isiyo na msingi, na hawastahili kusikilizwa.

Kivimbe chenyewe kina uzito unaozidi majua bilioni 10, hivyo shimo jeusi si hata sehemu moja kati ya 2,000 za uzito huo. Ni kweli kwamba katika galaksi nyingi vivimbe vikubwa huambatana na mashimo makubwa, lakini uwiano huo hauthibitishi kwamba shimo ndilo lililojenga kivimbe, maana vyote viwili hulishwa na gesi inayoshuka kuelekea katikati. Na gesi haishuki ovyo. Maji ya mto Mubuku yanayopita Nyakalengija huteremka kwa sababu ardhi imeinama, ilhali gesi inayozunguka galaksi hubaki kwenye njia yake mpaka kitu fulani kiipunguzie mzunguko. Katika Njia Nyeupe kitu hicho ni pao, yaani mpangilio mrefu wa nyota unaopita katikati ya sahani, ambao mvuto wake huiyumbisha gesi, huigonganisha na kuisukuma ndani. Pao hilo hilo, nyota zake zilipoyumba juu na chini, ndilo lililotunisha sehemu kubwa ya kivimbe hadi kikafanana na ganda la karanga kinapotazamwa kwa ubavu, na kwa hiyo nyota zake nyingi, ambazo zina umri wa miaka bilioni 8 au zaidi, zilizaliwa kwenye sahani. Galaksi nyingine zilipata vivimbe vyao mapema, kwa kugongana na kuungana.

Gesi iliyokwisha kufika ina tabia ya kushangaza. Katika eneo la miaka ya nuru mia kadhaa kuzunguka kitovu yamejaa mawingu ya molekuli, mengi yakiwa ni hidrojeni iliyosongamana, yenye uzito wa makumi ya mamilioni ya majua, lakini nyota zinazozaliwa humo kwa mwaka ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa Jua, kiasi kilicho chini mno kwa msongamano huo. Wingu moja ambalo wanafalaki wamelipa jina la Tofali lina uzito unaozidi majua 100,000 na karibu halizai kitu. Misukosuko mikali, joto la gesi na nguvu za sumaku huizuia isijikunje hadi kuwa nyota. Kila moja inachangia kiasi gani, hapo ndipo utafiti wa kweli ulipo. Jicho halioni lolote kati ya hayo, kwa kuwa vumbi huzuia karibu mwanga wote wa kawaida, na ndiyo maana darubini ya redio ya MeerKAT, yenye antena 64 zilizoko Karoo, Afrika Kusini, ilizinduliwa Julai 2018 kwa picha ya kitovu hicho.

Kwa anayetaka kutazama: kitovu kiko katika kundinyota la Mshale, na kutoka Nyakalengija hufikia nyuzi 60 hivi upande wa kusini, saa saba usiku katikati ya Juni, saa tano kufikia katikati ya Julai, saa tatu katikati ya Agosti, miezi ambayo mvua imepungua. Usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji wa Kasese, darubini ya mkono ya 10x50 inatosha kuutazama upande huo. Zile zinazouzwa kwa ahadi ya kukuza mara 500 ziachwe dukani. Anayetaka kusoma fani ya falaki hana haja ya kuvuka bahari, kwa sababu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinaifundisha. Na lile doa la ukungu linaloonekana upesi ndani ya Mshale, M8, ni kweli linazaa nyota, lakini limo kwenye sahani, miaka ya nuru elfu chache tu kutoka Duniani. Kivimbe kiko mbali nyuma yake.