BARIADI: JASHO LA PAMBA NA HAKI YA MIZANI

Atakaye kuona kazi ya mkono, na aende Bariadi wakati wa palizi. Mji huu ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni mbili, na walio wengi ni wakulima na wafugaji. Hulima mahindi, mtama, viazi, mpunga na dengu. Walakini fedha ya bati, ya dawa na ya madaftari ya watoto hutoka sana katika pamba, na kwa zao hilo Simiyu imekuwa mstari wa mbele katika nchi yetu.

Pamba haina huruma kwa mvivu. Hupandwa kwa mvua za mwisho wa mwaka, hupaliliwa, hunyunyiziwa dawa ya kuua funza wa vitumba, kisha huchumwa kwa mkono na kutengwa, safi mbali na fifi mbali. Baada ya mavuno mabua hung'olewa na kuchomwa, wadudu wasipate maficho. Zamani Wagika na Wagalu walilima kwa ngoma na nyimbo, na jembe likaonekana jepesi.

Taabu hiyo yote huishia penye mizani. Wakulima wa Jimbo la Ziwa walilijua jambo hilo mapema. Katika miaka ya 1950, walipochoka kupunjwa na wanunuzi, walijiwekea wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika; sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Leo vyama vya msingi ndivyo vinavyokusanya pamba vijijini.

Lakini mizani ya haki peke yake haitoshi. Sehemu kubwa ya nyuzi zetu husafirishwa marobota kwa marobota, bei yake ikifuata masoko ya mbali, na nguo huturudia kwa bei ya mwingine. Vijana wa Maswa waliotengeneza chaki, na wa Meatu waliosindika maziwa, wametuonyesha kwamba mali ya Simiyu yaweza kutengenezwa Simiyu. Mbona mafuta, mashudu na vitambaa visifuate njia hiyo?

Ndugu mfanyakazi wa mjini, shati ulilovaa lakuhusu. Nawe ndugu mkulima, chama cha ushirika ni mali yako: hudhuria mkutano, taka hesabu zisomwe, uliza kila shilingi iliyokatwa. Kiongozi akwepaye maswali ya wanachama ni fifi katikati ya pamba safi. Dawa ya fifi mwaijua: ni kuitenga kabla haijafika penye mizani.