Boma na Misheni Chini ya Mlima Meru

Serikali haina dini; wenye dini ni wananchi. Kauli hii imezoeleka mno hata wako wanaodhani kuwa ilizaliwa na Katiba peke yake. Lakini mtu asimamaye Terrat, kusini mwa Jiji la Arusha, akauelekea Mlima Meru, anaitazama nchi iliyoonja uchungu wa mambo hayo mawili kuchanganywa.

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri kwa Wameru, wakitaka kujenga misheni. Wakati huo huo Kapteni Johannes wa jeshi la Kijerumani alikuwa karibu na askari wake. Wenyeji wangemtengaje mwenye kitabu na mwenye bunduki, ilhali wamefuatana njia moja? Kambi ilivamiwa usiku, wamisionari wakauawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliokuwa nao. Kisasi cha serikali kilikuwa cha kikatili: watu waliuawa, migomba ilifyekwa, ng'ombe walitekwa. Kisha Waarusha na Wameru wakashurutishwa kulijenga boma la Arusha. Injili ilirudi Nkoaranga mwaka 1902, chini ya bendera ileile.

Mkoloni aliyefuata naye aliiachia misheni sehemu kubwa ya elimu. Mzazi wa Kiislamu, aliyekwisha mpeleka mwanawe chuoni kusoma Kurani, alichelea kumtia katika shule ambamo angerudi na jina jingine. Ndipo sheria ya elimu ya 1969 ilipoziweka shule hizo mikononi mwa Taifa. Leo ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inasema kuwa ibada ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya mamlaka ya nchi.

Ndugu zetu wa Visiwani wana historia nyingine. Kwao kadhi alihukumu tangu enzi za masultani, na sheria ya 1985 ikaithibitisha mahakama yake kuwa ya serikali. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ikajitoa Agosti 1993 baada ya mvutano mkali juu ya Katiba ya Muungano. Kwa hiyo afisa ahamishwaye kutoka Unguja kwenda Arusha asishangae akiulizwa Bara kwa nini kadhi huku halipwi na serikali, wala wa Arusha asidhani kuwa mwenzake wa Unguja amevunja sheria.